Mwenye Ukuta na Mwenye Mchoro: Mgogoro wa Michoro ya Ukutani na Uendelezaji wa Miji, na Fundisho Lake kwa Taaluma za Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ni mgogoro unaozuka mijini pale picha iliyochorwa ukutani, ikazoeleka na kupendwa na watu, inapokutana na mpango wa mwenye jengo wa kulibomoa na kujenga jingine. Huenda baadhi ya wasikilizaji wakajiuliza mada hiyo imeingiaje katika mihadhara ya taaluma za Kiswahili. Jibu ni kwamba mgogoro huo, ukichunguzwa kwa makini, ni mgogoro wa maneno kabla haujawa mgogoro wa rangi na matofali. Mahakama zilizouamua zililazimika kupambanua maana ya maneno kama vile kuharibu, hadhi na idhini. Nchi zinazotumia Kiswahili nazo zina sheria za hakimiliki, zina kuta zinazochorwa, na zina majengo yanayobomolewa ili kupisha maghorofa. Maneno hayo yatahitajika huku pia, na ni afadhali yaandaliwe kabla ya kesi kuliko baada yake.

Mhadhara utaanza na kisa cha 5Pointz cha mjini New York, ambacho ni kesi mashuhuri zaidi ya aina hii nchini Marekani katika karne hii. Kisha utachambua maneno ambayo kesi hiyo na nyinginezo zilitegemea, utazingatia hoja za upande wa waendelezaji ardhi, na hatimaye utarejea Pwani ya Afrika Mashariki kutazama desturi ya zamani ya umiliki inayoweza kuisaidia lugha katika jambo hili.

2.0 Kutoka kwa Rivera hadi 5Pointz

2.1 Malipo kama mwisho wa neno

Mwaka 1933 mchoraji wa Meksiko, Diego Rivera, alikuwa akichora picha kubwa katika ukumbi wa jengo la Rockefeller Center mjini New York. Ndani ya picha hiyo aliichora sura ya Lenin. Wenye jengo walimtaka aiondoe, akakataa. Alilipwa ujira wake wote, akaondolewa kazini, na picha ikafunikwa. Mnamo Februari 1934 ilivunjwavunjwa. Rivera aliichora upya picha ya namna hiyo huko Mexico City mwaka huo huo.

Kwa mtazamo wa sheria ya Marekani ya wakati ule, hapakuwa na dai lililobaki. Mchoraji amelipwa, ukuta ni wa mwenye jengo, kwa hiyo kilichomo ukutani ni chake pia, na ana hiari ya kukifanya atakavyo. Mtazamo huo ulidumu kwa zaidi ya nusu karne. Ni mwaka 1990 tu ambapo Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwalinda wachoraji na wachongaji, ikampa msanii haki ya kupinga kuharibiwa kwa kazi yake yenye hadhi inayotambulika hata kama kazi hiyo imo mikononi mwa mtu mwingine. Kwa kazi zilizofanywa tangu sheria hiyo ilipoanza kutumika mwaka 1991, haki hiyo hudumu kwa muda wa uhai wa msanii.

2.2 Kiwanda kilichogeuka jumba la picha

Jengo lililokuja kuitwa 5Pointz lilikuwa kiwanda kikuukuu katika eneo la Long Island City, wilaya ya Queens. Mwenye jengo alikuwa Jerry Wolkoff, mwendelezaji ardhi. Mwaka 2002 mchoraji Jonathan Cohen, ajulikanaye kwa jina la kisanii Meres One, alipewa kazi ya kuzisimamia kuta za jengo hilo. Jina lenyewe lilirejelea wilaya tano za mji wa New York. Cohen aliweka utaratibu: nani achore wapi, mchoro upi udumu na upi ukae muda mfupi, na nani aruhusiwe kuchora juu ya kazi ya mwenzake. Wachoraji walikuja kutoka nchi mbalimbali na chupa zao za rangi ya kupuliza, na abiria wa treni namba 7 waliziona kazi zao kila siku walipopita. Watalii nao walifuata.

Ni muhimu kutambua kwamba katika kipindi hicho pande hizo mbili hazikuwa maadui. Wolkoff alizitoa kuta zake kwa ridhaa yake. Wachoraji walijua kwamba siku moja angependa kujenga, kwa kuwa hakulificha jambo hilo. Lakini hapakuwa na hati ambayo kwayo wachoraji walikubali kwa maandishi kwamba kazi zao zingeweza kuharibiwa. Uhusiano ulijengwa juu ya kuaminiana, na uliendelea vizuri maadamu ardhi ile haikuwa na mpango mwingine.

2.3 Usiku wa rangi nyeupe

Mpango huo ulifika mwaka 2013. Wolkoff aliomba na akapewa na mamlaka za mji ruhusa ya kujenga maghorofa ya makazi. Wachoraji walijaribu kuliombea jengo ulinzi wa urithi wa mji, wakashindwa. Kanuni za New York zinataka mahali panapolindwa pawe na umri wa miaka 30 au zaidi. Walijaribu kuchangisha fedha za kulinunua, nazo hazikutosha. Ndipo walipokwenda mahakamani. Tarehe 12 Novemba 2013 Jaji Frederic Block alikataa kutoa zuio, akisema kwamba maelezo yake ya maandishi yangefuata. Kabla maelezo hayo hayajatolewa, usiku wa kuamkia tarehe 19 Novemba, kuta zilipakwa rangi nyeupe. Kesho yake maelezo ya jaji yakatoka, na ndani yake mlikuwa na onyo kwamba mwenye jengo angeweza kudaiwa fidia kubwa endapo ingethibitika kuwa kazi zilizoharibiwa zilikuwa na hadhi inayotambulika.

Jengo lilibomolewa mwaka 2014. Kesi ya fidia iliendelea, na tarehe 12 Februari 2018 Jaji Block aliamua kwamba kazi 45 kati ya 49 zilizodaiwa zilistahili ulinzi. Kwa kila moja alitoza dola 150,000, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, na jumla yake ikawa dola milioni 6.75 kwa wachoraji 21. Mahakama ya Rufani iliuthibitisha uamuzi huo tarehe 20 Februari 2020, na mnamo Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa nyingine. Wolkoff mwenyewe alikuwa amefariki dunia miezi michache kabla.

Mahali pa kile kiwanda sasa pana minara miwili yenye makazi zaidi ya 1,000, na jina 5Pointz linatumika kuitangaza. Kwa wanaisimu jambo hili si dogo. Jina lililobuniwa kwa ajili ya kuta zilizochorwa limehamia kwenye jengo lililozing'oa. Picha ziliweza kufutwa kwa usiku mmoja. Jina, ambalo halina uzito wala halihitaji ukuta, lilibaki na likapata thamani ya kibiashara.

3.0 Maneno yaliyobeba kesi

3.1 Hadhi inayotambulika

Sheria ya mwaka 1990 inalinda dhidi ya kuharibiwa kazi zenye hadhi inayotambulika, lakini haikueleza hadhi hiyo ni nini wala nani aitambue. Mahakama zimejaza pengo hilo kwa kusikiliza wataalamu na kutazama namna jamii ya wasanii na umma wanavyoipokea kazi. Katika rufaa ya 5Pointz, upande wa mwenye jengo ulidai kwamba michoro ya muda mfupi haiwezi kuwa na hadhi ya kulindwa, kwa kuwa wachoraji wenyewe walijua kwamba ingefutwa. Mahakama ya Rufani haikukubali. Ilitoa mfano wa kazi ya Christo na Jeanne-Claude iitwayo The Gates, iliyosimamishwa Central Park mwaka 2005 kwa muda wa wiki mbili hivi, ambayo hakuna anayeweza kukana kwamba ilitambulika kimataifa.

Uamuzi huo una maana kwa wanafunzi wa fasihi simulizi. Tendi, ngoma na nyimbo za hafla nazo huishi kwa muda wa utendaji, na wataalamu wa fasihi simulizi wamekwisha kubainisha kwamba ufupi wa uhai si upungufu wa thamani. Mahakama ya New York ilifikia hitimisho hilo hilo kwa njia ya sheria.

3.2 Kuharibu na kufunika

Mfano wa pili unahusu neno kuharibu. Mwaka 1993 mchoraji Sam Kerson alichora picha mbili kubwa ndani ya jengo la chuo kimoja cha sheria katika jimbo la Vermont, zikisimulia habari za watumwa waliotoroka na watu waliowasaidia. Miaka mingi baadaye baadhi ya wanachuo waliona kwamba namna Waafrika walivyochorwa humo inawadhalilisha. Chuo kiliamua kuzifunika picha hizo moja kwa moja kwa paneli zisizogusa rangi. Mchoraji alishtaki. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani, ile ile iliyoamua kesi ya 5Pointz, ilisema kwamba kufunika si kuharibu: picha ipo, ni nzima, ingawa haionekani.

Kiswahili kina upambanuzi mpana katika uwanja huu wa maana. Kufunika, kuficha, kuziba, kufuta, kuchafua, kuharibu, kubomoa na kung'oa ni vitenzi vinane, na kila kimoja kinaeleza kitendo tofauti kwa mchoro. Anayefunika anaweza kufunua. Anayefuta ameacha ukuta na kuondoa picha. Anayebomoa ameondoa vyote viwili. Mtunzi wa mkataba au wa sheria anayeandika "kuharibu" peke yake, akidhani kwamba vitenzi vingine vyote vimo ndani yake, anaacha mlango wazi.

4.0 Hoja ya mwendelezaji ardhi

Haitakuwa haki kulijadili suala hili kana kwamba mwendelezaji ardhi hana hoja. Zipo hoja tatu za kuzingatiwa.

Kwanza, watu wanahitaji makazi. Ruhusa aliyopewa Wolkoff iliambatana na sharti la kutenga baadhi ya makazi kwa kodi nafuu. Mji hauwezi kuamua kwamba kila ukuta uliochorwa usiguswe, kwa kuwa mji ambao haujengwi upya huwafukuza maskini wake kwa njia nyingine.

Pili, haki inayodumu kwa uhai wote wa msanii ni mzigo mzito kwa mtu aliyetoa ukuta wake bure. Mwenye jengo akiona kwamba ukarimu wake wa leo unaweza kumfunga mikono baada ya miaka 20, njia rahisi kwake ni kutomruhusu yeyote kuchora. Ulinzi mkali mno unaweza kuzaa kuta tupu.

Tatu, sheria yenyewe ilikuwa imempa mwenye jengo njia za kujikinga. Mchoro usioweza kuondolewa bila kuharibika haulindwi ikiwa mchoraji na mwenye jengo walitia saini hati inayokubali kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Ule unaoweza kuondolewa salama, mwenye jengo anatakiwa kumpa mchoraji taarifa ya maandishi na siku 90 za kuja kuuchukua. Aidha, sheria iliagiza pawepo daftari ambamo mchoraji aweza kuandikisha jina na anwani yake ili taarifa imfikie.

Hoja hii ya tatu ndiyo inayogeuka ushahidi dhidi ya Wolkoff. Hakuwa na hati, hakutoa taarifa, na hakungoja. Jaji Block alieleza bayana kwamba kama angesubiri vibali vyake na kubomoa jengo miezi kadhaa baadaye, asingehesabiwa kuwa alikusudia kuvunja sheria, wala adhabu isingefikia kiwango kile. Aliadhibiwa kwa pupa ya usiku mmoja. Kwa upande wa pili, wachoraji nao walipata fedha, lakini hawakupata ukuta. Mahakama ilikuwa imekataa zuio, na fidia haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha kufunikwa kwa rangi na kubomolewa. Hivyo basi, kesi inayosifiwa kuwa ushindi mkubwa wa wachora kuta haikuuhifadhi hata mchoro mmoja.

5.0 Mti na ardhi: desturi ya Pwani

Chimbuko la mgogoro huu ni kanuni ya kale ya sheria za Ulaya, iliyorithiwa na Marekani kupitia Uingereza, kwamba kilichoshikamana na ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Jengo hufuata ardhi, ukuta hufuata jengo, na mchoro hufuata ukuta. Sheria ya mwaka 1990 ni tundu dogo lililotobolewa katika kanuni hiyo.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuijenga desturi yake juu ya kanuni hiyo. Huko Zanzibar, mtu aliweza kumiliki mikarafuu au minazi iliyosimama katika ardhi ya mtu mwingine, na miti hiyo iliuzwa, ikawekwa rehani na kurithiwa mbali na ardhi yenyewe. Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, wakazi wengi walimiliki nyumba zao huku kiwanja kikiwa cha mwingine au cha wakfu, nao wakamlipa kodi ya kiwanja. Mgomo wa kodi hiyo wa mwaka 1928 hauwezi kueleweka bila ya kujua utengano huo: waliogoma walikuwa wenye nyumba wasio wenye ardhi. Mombasa nako, utaratibu wa nyumba bila ardhi unajulikana hadi leo.

Si nia ya mhadhara huu kuipamba desturi hiyo. Historia ya Ng'ambo na ya Mombasa inaonyesha kwamba utengano wa umiliki haukuondoa magomvi. Mwenye ardhi anapoamua kuuza, mwenye nyumba hujikuta katika hali isiyo tofauti sana na ya wachoraji wa 5Pointz. Tena, karafuu huvunwa na mti huhesabika, ilhali mchoro hauwezi kuvunwa ukaacha ukuta nyuma. Pamoja na hayo, desturi inaipa lugha mahali tofauti pa kuanzia. Mtu aliyelelewa katika mazingira ya mwenye shamba na mwenye mikarafuu hatashangaa akiambiwa kwamba ukuta una mwenyewe na mchoro una mwenyewe. Swali lake la pili litakuwa: walikubaliana nini? Na hilo ndilo swali ambalo kesi ya New York ilichukua miaka saba kulifikia.

6.0 Wajibu wa lugha

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zinamtambua mtunzi kuwa na haki ya kutajwa jina na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Katika Kiswahili haki hizo zimezoeleka kuitwa haki za kimaadili. Istilahi hiyo inapotosha. Msikilizaji wa kawaida anaposikia maadili hufikiria mwenendo mwema, na anaweza kudhani kwamba ni haki ya kuzuia picha chafu. Kinacholindwa hasa ni heshima ya mtunzi na uhusiano wake na kazi yake. Huenda haki za heshima ya mtunzi ikawa istilahi iliyo wazi zaidi, na wanaistilahi wanaombwa waitafakari.

Aidha, Mkataba wa Berne unataja upotoshaji na ukeketaji wa kazi, lakini hautaji waziwazi uharibifu kamili. Hapo pana kitendawili ambacho wanasheria wamekibishania kwa muda mrefu: anayeifuta nusu ya picha ana hatia iliyo dhahiri zaidi kuliko anayeifuta yote, kwa kuwa nusu iliyobaki inaendelea kumwaibisha mchoraji, ilhali ukuta mtupu haumwaibishi mtu.

Maadamu sheria ina pengo, mkataba ndio wa kuliziba, na mkataba huhitaji maneno. Yapo matatu ambayo mazoea huyachanganya. Ruhusa ni neno la mwenye ukuta: anamruhusu mchoraji achore. Idhini ya kufuta ni neno la mchoraji: anakubali mapema kwamba, siku fulani au kwa sababu fulani, kazi yake itaweza kuondolewa. Taarifa ni neno la mwenye ukuta tena: anamjulisha mchoraji kwamba siku hiyo imefika, na anampa muda wa kuipiga picha kazi yake, kuiaga, au kuichukua ikiwezekana. Huko 5Pointz ruhusa ilikuwepo, idhini haikuandikwa, na taarifa haikutolewa. Mtu akisema tu kwamba "walikubaliana", amelitumia neno moja kuficha mambo matatu.

Kuta za shule, zahanati, maduka na vituo vya mabasi katika miji ya Afrika Mashariki huchorwa kila mwaka, mara nyingi kwa makubaliano ya mdomo na malipo ya papo hapo. Mchoraji huondoka na ndoo zake, na jina lake likiwepo huwa katika kona ya chini. Jengo likiuzwa, mnunuzi hana habari ya makubaliano yoyote, na mchoraji hana karatasi ya kumwonyesha.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba mgogoro kati ya mwendelezaji ardhi na mchora ukuta hauamuliwi siku rangi nyeupe inapopakwa. Huamuliwa siku mchoraji anapokaribishwa, kwa maneno yanayosemwa au kuachwa siku hiyo. Sheria ya Marekani ilitoa fidia kubwa, lakini kuta hazikuokoka. Desturi ya Pwani inafundisha kwamba vitu viwili vilivyoshikamana vinaweza kuwa na wenyewe wawili, na inaonya pia kwamba bila masharti yaliyo wazi mwenye ardhi ndiye atakayesikilizwa.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi inayowangoja wanafunzi na wataalamu wa lugha ni ya kiasi na inawezekana: kuandaa hati fupi ya Kiswahili, isiyozidi ukurasa mmoja, ambayo mwalimu mkuu, mwenye duka au mwenyekiti wa mtaa aweza kuisoma na kuitia saini pamoja na mchoraji kabla brashi haijaguswa. Hati hiyo itaje ukuta, itaje jina la mchoraji, ieleze ni kitendo gani kati ya kufunika, kufuta na kubomoa kinachokubaliwa na kwa masharti yapi, na iweke idadi ya siku za taarifa. Jengo litakapouzwa, hati hiyo iuzwe nalo.